Wodi ya Buibui

Ipo nchi moja, wala haiko mbali, ila jina lake msiniulize, maana wenyewe ni wepesi wa kununa. Nimesema "ila". Ningekuwa kwao sentensi hiyo nisingeimaliza. Kengele ingekuwa imeshalia na mimi nimeshapakiwa garini.

Nieleze. Watu wa nchi ile ni waungwana wa salamu kama sisi. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani atakujibu njema, hata kama nyumba yenyewe imeungua asubuhi ile na bado ananuka moshi. Kwanza njema, ndipo aseme, "Ila tu jana tulimzika babu." Ndivyo walivyolelewa. Neno zuri hutangulia, na baya hufuata nyuma kwa adabu zake.

Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye alikuwa ameilea nchi hiyo tangu ilipokuwa changa na bado hajaona dalili kwamba imekua, aligundua kasoro katika desturi hii. Kila alipopokea salamu za mawaziri wake, sehemu ya kwanza ilimpendeza na sehemu ya pili ilimkera. Akatafakari, akatoa amri. Kwa kuwa taifa lina haraka ya maendeleo, salamu zote za kiserikali ziishie kwenye njema, na "ila" ifutwe ili kuokoa muda. Baadaye zikafutwa "lakini" na "isipokuwa", na kila ofisi ikapewa Mlinzi wa Salamu, mtu mwenye kengele ndogo ya shaba, kazi yake kuitikisa pindi mtu anapovuta pumzi baada ya njema. Waliorudia kosa walipelekwa Shule ya Shukrani huko milimani. Walirudi wakitabasamu, na tabasamu hilo halikuwatoka hata wakiwa usingizini.

Sasa, nchi hiyo ilikuwa na Ofisi ya Malalamiko, na mkuu wake aliitwa Tawakali Chambuso. Alikuwa mgane wa makamo, mpole, mwoga wa kuzaliwa, asiye na adui duniani wala mtu wa karibu zaidi ya binti yake Tunu. Kabla ya amri, watu walipanga foleni kwake hadi barabarani. Baada ya amri hakuja hata mmoja. Tawakali alifika kazini kila asubuhi, akafungua dirisha la kupokelea wateja, akakaa. Buibui mmoja akatanda kwenye dirisha lile, wa pili kwenye kiti cha mlalamikaji, na wengine wakafuata. Hakuwafagia. Walau wao walikuja.

*

Huko nje mambo yakazuka. Katika mkutano wa wakuu wa nchi, jirani yao alitokea amevaa joho lililofumwa kwa nyuzi za buibui. Nazungumzia mdudu, si vazi la mama zetu. Joho lilikuwa la rangi ya dhahabu bila kutiwa rangi yoyote, na kila alipogeuka mwenye joho lile, kamera ziligeuka naye. Mtukufu Mlezi alikuwa amevaa suti. Hakula chakula cha jioni.

Aliporudi nyumbani alitangaza kwamba ifikapo jubilei atavaa joho refu kuliko lile. Na kwa kuwa jirani huokota buibui porini, akawakamua uzi na kuwarudisha walikotoka kama mtu asiye na mipango, sisi, alisema, tutawafuga. Watazaana mikononi mwa serikali.

Kazi alipewa Mheshimiwa Mkadamu, Waziri wa Viumbe Vidogo na Mambo Makubwa. Mheshimiwa akaanza kumsaka mtaalamu. Alizunguka vyuo, akazunguka wizara, na alipofika Ofisi ya Malalamiko utando ulimnasa usoni kabla hajavuka kizingiti. Akajifuta. Akatazama dari, akatazama pembe zote, macho yakamjaa machozi ya uzalendo.

"Huyu bwana," aliwaambia wasaidizi wake, "anafuga bila bajeti!"

"Mheshimiwa, mimi sijafuga," Tawakali alisema. "Wamekuja wenyewe tu."

"Mnasikia? Wanamjia wenyewe!"

Hivyo ndivyo Tawakali Chambuso alivyokuwa Mkurugenzi wa Kituo cha Taifa cha Uzalishaji wa Buibui. Alijaribu kueleza kwamba buibui humpa kichefuchefu, lakini maelezo yake yalianza baada ya njema, na kengele ililia.

*

Kituo kilihitaji jengo. Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Mkadamu alisimama mbele ya hospitali ya wilaya, akakohoa kwa niaba ya serikali, akasema:

"Ndugu wananchi, tumejiuliza ni wapi katika nchi hii pana uzoefu wa kuzalisha. Viwanda vyetu vimepumzika baada ya kazi nzuri. Mashamba yetu yanatafakari. Mahali pekee ambapo uzalishaji haujasimama hata siku moja ni hapa, wodi ya wazazi. Hongereni sana akina mama. Sasa tupisheni."

Watu walipiga makofi. Vitanda vikatolewa nje. Taa ya kuwapasha joto watoto njiti iliachwa ndani kwa ajili ya mayai. Wajawazito waliombwa wasubiri mpaka jubilei ipite, na walioweza walisubiri. Wasioweza walijifungulia kwenye kibaraza cha kufulia, baina ya mabeseni, mikononi mwa mkunga mkuu, Bi Siwema.

Bi Siwema alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kusimamisha lori. Ufunguo wa wodi alikabidhiwa Tawakali, autundike shingoni kwa utepe wenye rangi za taifa, na tangu siku hiyo Bi Siwema hakumwacha apumue.

"Mkurugenzi, nipe ufunguo."

"Habari za kazi, Bi Siwema?"

"Njema. Ila nina wawili wameshikwa na uchungu na mvua inakuja."

Mlinzi wa Salamu wa hospitali, kijana wa watu, alikuwa amezalishwa na mikono hiyo hiyo ya Bi Siwema. Kila mama huyo aliposema ila, kijana aliigeuza kengele yake na kuichungulia ndani, kana kwamba imeota kutu.

Tawakali hakutoa ufunguo. Alitazama pembeni. Si kwamba hakuona haya. Aliona haya mpaka chakula kikamshinda. Tatizo ni kwamba binti yake Tunu alikuwa na mimba, na kila siku alijiambia kwamba akiuchezea ufunguo leo, atakuwa Shule ya Shukrani siku Tunu atakapouhitaji. Mimba ya kwanza ya Tunu iliishia njiani, juu ya mkokoteni, mwaka wodi ilipofungwa ili ipakwe rangi kumpokea mgeni rasmi. Mtoto alilia mara moja tu. Mama mtu alivuja damu hadi wakadhani naye anaondoka.

"Nakuambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa," Bi Siwema alimwambia. "Mwanao damu yake haishikiki. Azae kitandani, chini ya taa, na dawa karibu. Kibarazani atakufa. Mimi nimesema."

*

Wakati huo nchi nzima ilikuwa porini. Kila kaya ilidaiwa buibui watatu wakubwa wa msituni, hai, wenye miguu yote. Wa majumbani walikataliwa kwa kukosa mwamko. Mume wa Tunu, Shomari, aliyekuwa fundi wa baiskeli, alipelekwa msituni na kikosi cha mafundi, nao walikwenda wamebeba sufuria zenye vifuniko na vyandarua walivyovua vitandani mwao. Shule zilifungwa. Mabenki yalifungwa. Mahakama ilibaki wazi kwa ajili ya wale walioleta buibui wa miguu saba.

Mavuno yalikuwa makubwa. Majike yalikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto, matumbo ya manjano, miguu mirefu yenye mistari myeusi. Madume yalikuwa madogo kiasi cha kudhaniwa takataka. Tawakali, ambaye kwa miaka ya kukaa peke yake ofisini alikuwa ameona kwamba kila buibui ana pembe yake na anayevuka kwenda kwa mwenzake harudi, alijipa moyo.

"Mheshimiwa, ningependekeza kila mmoja awe na kiboksi chake."

Mheshimiwa Mkadamu alirudi nyuma hatua moja.

"Chake? Chambuso, umesema chake? Katika nchi hii tunakula sinia moja! Kidole kimoja hakivunji chawa. Leo tukimpa buibui kiboksi chake, kesho raia ataomba chumba. Wafungulie wote. Waishi kama ndugu."

Buibui walifunguliwa wote kwa pamoja, wimbo wa taifa ukipigwa. Siku ya kwanza walikuwa watulivu, kwa sababu ya mshtuko. Baada ya hapo walianza kuishi kama ndugu.

Chakula kilikuwa kimeagizwa. Zabuni ya nzi alishinda shemeji wa Waziri, akaleta magunia ya nzi wakavu wa daraja la kwanza. Buibui hagusi kitu kisichotikisa utando, hata kikiwa na muhuri wa ubora. Jikoni mwa hospitali, ukuta wa pili tu, nzi hai walikuwa wengi kuliko wagonjwa, lakini hawakuwa wameshiriki zabuni. Basi buibui walitazamana. Madume yalitangulia. Majike hayakuwa na haya hata kidogo. Harusi na karamu ya harusi vilifanyika kwa mlo mmoja, na mlo wenyewe alikuwa bwana harusi.

Kila siku Tawakali alisimama dirishani akichungulia. Nitawaambia alichokuwa akikiomba, ingawa hakikumfaa mkurugenzi. Alikuwa akiomba wamalizane. Tumbo la Tunu lilizidi kushuka, wodi ilizidi kupungua wakazi, na yeye aliwahimiza kwa mnong'ono kwenye kioo, "Kuleni, wanangu. Kuleni haraka."

Ndipo jike moja likataga. Kifuko cha mayai, cha manjano, kikaning'inia juu ya taa. Wizara nzima ilishangilia, na Tawakali alikwenda nyuma ya jengo akalia. Mradi uliokuwa unakufa vizuri ulikuwa umepata uhai.

Mheshimiwa alituma Kwaya ya Uhamasishaji iimbie mayai. Ilikuwa kwaya kubwa, yenye ngoma, na mayai yaliangua katikati ya ubeti wa kumsifu Mtukufu. Buibui wachanga walimiminika ukutani kama vumbi lenye miguu. Wanakwaya walikuwa wanatokwa jasho, wakafungua madirisha yote. Vile vitoto vikapanda kwenye fremu, vikainua matako, vikatoa uzi, na upepo ukavibeba vyote kuelekea vinakojua vyenyewe. Redio ilitangaza jioni ile kwamba vijana wa kituo wametawanyika mikoani kuhamasisha wananchi.

Waliobaki waliendelea kuishi kama ndugu, na haukupita muda akabaki mmoja. Alikuwa jike la kutisha kwa unene. Alikaa katikati ya utando uliotoka ukuta hadi ukuta, hana wa kugombana naye.

*

Tawakali alikwenda kwa Waziri akiwa na matumaini. Buibui wamekwisha, kituo kimekwisha, wodi itarudi. Ilibaki tu kulisema jambo hilo bila kulisema.

"Habari za kituo, Mkurugenzi?"

"Njema, Mheshimiwa." Alivuta pumzi. Mlinzi wa Salamu aliinua kengele. Tawakali akaitoa pumzi, akajaribu mlango mwingine. "Umoja umekamilika, Mheshimiwa."

"Umekamilika namna gani?"

"Kituo kizima sasa ni mwili mmoja."

Waziri alisimama. "Hakuna makundi?"

"Hakuna."

"Hakuna anayemsema mwenzake?"

"Hakuna mwenzake, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Mkadamu alizunguka meza na kumkumbatia. Alisema amekuwa akiuhubiri umoja maisha yake yote bila kuuona, na kumbe umeanzia kwa wadudu. Hapo hapo akapiga simu Ikulu, akiwa amesimama wima, kofia mkononi.

"Basi, Mheshimiwa," Tawakali alisema simu ilipokatwa, "maadamu kazi imekamilika, wodi irudi kwa wazazi."

"Irudi wapi? Mtukufu anakuja mwenyewe siku ya jubilei kuwaona watoto!"

"Watoto gani, Mheshimiwa?"

"Wale nilioripoti."

"Uliripoti wangapi?"

"Niliripoti njema," Waziri alisema kwa ukali kidogo. "Njema haihesabiki."

*

Uchungu wa Tunu ulianza asubuhi, siku moja kabla ya jubilei, mvua ikinyesha. Shomari alikuwa bado msituni. Majirani walimleta Tunu wakiwa wamemfunika turubai, wakamlaza kibarazani baina ya mabeseni, mahali ambapo wanawake wengine walikuwa wameshalala wakisubiri zamu zao za kuteseka. Maji ya mvua yaliingia kwa pembeni. Tawakali alisimama pale amelishika paa la kibaraza kwa mkono mmoja, kana kwamba ndilo linaloanguka.

"Baba," Tunu alisema.

Bi Siwema aliinuka kutoka magotini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Tawakali.

"Mficha uchi hazai, Mkurugenzi," alisema. "Nawe umeficha uchi wa nchi nzima kwa kitambaa hicho cha shingoni. Fungua."

Tawakali aliiona Shule ya Shukrani. Aliliona lile tabasamu likiwa limebandikwa usoni pake mwenyewe. Halafu Tunu akapiga ukelele, na Tawakali akauvua ufunguo shingoni, akafungua. Wakati mwingine mwoga anapenda kuliko anavyoogopa, na hakuna anayeshangaa zaidi ya yeye mwenyewe.

Bi Siwema aliingia na fagio. Aliuzungusha utando ule wote kama anayekunja uzi wa kufumia, akamkung'utia yule jike kwenye beseni, na beseni akalimwaga dirishani pamoja na mradi wa taifa. Kisha akawasha taa. Wanawake wa kibarazani hawakungoja kuitwa. Waliingia na mikeka yao, mmoja akimshika mwingine, na hadi jioni wodi ilikuwa imejaa vilio vya kila aina.

Tunu alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye hasira. Ila damu haikukatika. Bi Siwema alifanya yote ayajuayo, na asubuhi ya jubilei midomo ya Tunu ilikuwa myeupe.

"Dripu," Bi Siwema alisema. "Na sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Stoo wameihamisha ili wapate pa kuweka bendera, na madaktari wote wako uwanjani kwenye gwaride. Nimemtuma mtu, amerudishwa."

"Atakaa mpaka lini hivi?"

"Hatakaa," Bi Siwema alisema, akageuka asimtazame.

*

Saa hiyo hiyo msafara ukaingia. Kulikuwa na pikipiki, magari meusi, kwaya, Mlinzi Mkuu wa Salamu mwenye kengele ya fedha, daktari binafsi wa Mtukufu na masanduku yake, na nyuma kabisa, juu ya lori lenye zulia, ng'ombe wa maziwa ya chai ya Mtukufu, maana yeye hanywi maziwa ya ng'ombe asiyemfahamu.

Mheshimiwa Mkadamu alitangulia ndani kuhakikisha mambo ni shwari. Alisimama mlangoni. Alitazama mikeka, akatazama watoto waliopangwa chini ya taa ya joto, rangi ikamtoka.

"Chambuso. Hawa ni nini?"

"Ni watoto, Mheshimiwa."

"Naona ni watoto! Wa nani?"

"Wa wodi hii."

Waziri alifungua mdomo, lakini viatu vya Mtukufu vilikuwa vimeshafika nyuma yake.

"Habari za buibui wangu?" Mtukufu aliuliza.

"Njema, Mtukufu!" waliitikia wote.

Mtukufu Mlezi aliingia, akainama chini ya taa. Alikuwa mzee mwenye uso mwema. Miaka mingi alikuwa hajaambiwa neno jingine ila njema, na kiungo anachotumia binadamu kushuku kilikuwa kimemnyauka.

"Hawa ndio?"

Waziri alitafuta neno. Katika lugha yote ya serikali halikuwa limebaki hata moja la kuanzia maelezo kama hayo.

"Ndio, Mtukufu," alisema.

"Wamenona. Nilidhani wana miguu mingi zaidi."

Waziri alimtazama Tawakali kwa macho ya mtu anayezama.

"Inakuja, Mtukufu," Tawakali alisema. "Haiharakishwi."

"Busara hiyo. Na wanakula nini?"

"Maziwa."

Mtukufu alipiga makofi mara moja, na ng'ombe wa msafara akashushwa kwenye zulia lake, akafungwa chini ya dirisha, akaanza kukamuliwa. Mablanketi ya viti vya wageni rasmi yaliletwa. Wanawake waliyapokea, wakajifunika haraka kabla mtu hajafikiri. Ndipo Mtukufu akafika kwenye mkeka wa Tunu.

"Na huyu mbona amepauka hivi?"

Tawakali alipiga magoti. Alichokisema hapo hatakisahau, na kilimkata ulimi wakati kikitoka.

"Huyo ndiye jike bora la kituo, Mtukufu. Ametoka kuzaa."

"Jike bora la taifa langu, nalo linakufa kwenye mkeka? Daktari!"

Daktari alikuja na masanduku yake. Aliugusa mkono wa Tunu, akamtazama usoni, na alijua vizuri sana anachokitazama, kwa kuwa alisomea. Akamtupia jicho Mlinzi Mkuu mwenye kengele ya fedha. Akaufunga mdomo wake, akatafuta mshipa. Sindano iliingia. Chupa ya dripu ilitundikwa kwenye msumari, matone yakaanza kushuka, na Bi Siwema, aliyekuwa ameshika kichwa cha Tunu, kwa mara ya kwanza tangu jana alikaa chini.

"Usiondoke hapa," Mtukufu alimwambia daktari, "mpaka buibui huyu asimame kwa miguu yake yote."

"Nitakaa, Mtukufu. Kwa buibui wa taifa nina ruhusa ya kutumia dawa zote. Kwa raia sina."

Mtukufu alifurahi. Alitembea kati ya mikeka mikono nyuma, watoto wakinyonya, ng'ombe akitafuna, kwaya ikijipanga nje. Moyo wake ulilainika kwa jinsi sikukuu zinavyoilainisha mioyo ya wakubwa. Akarudi kwa Tawakali.

"Mkurugenzi, umenifurahisha. Kabla ya hapa ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Ofisi ya Malalamiko, Mtukufu."

"Ehee! Naikumbuka." Mtukufu alicheka kidogo. "Basi leo ni jubilei, na nimesamehe wafungwa, nikasema nisamehe na neno. Nakupa ruhusa ya ila moja. Mimi mwenyewe. Hapatalia kengele, hutakwenda popote. Habari za kituo?"

Mlinzi Mkuu aliishika kengele yake isitikisike hata kwa bahati mbaya. Mheshimiwa Mkadamu alifumba macho. Wanawake waliacha kunong'ona, wakamtazama Tawakali wote, na Bi Siwema naye alimtazama.

Tawakali alikuwa nayo. Alikuwa ameibeba miaka yote ile ya dirisha tupu, na haikuwa ila yake peke yake. Ilikuwa ya kibaraza na mabeseni na mvua, ya Shomari aliye msituni na sufuria, ya kila aliyewahi kuvuta pumzi baada ya njema akatikisiwa kengele. Ilimpanda kooni, nzima, imejipanga vizuri, na mtu pekee aliyestahili kuisikia alikuwa amesimama mbele yake akiwa ametega sikio kwa hiari yake. Neno moja tu: ila hawa ni watu.

Akaitazama chupa. Ilikuwa imeshuka kiasi cha kidole. Daktari naye alikuwa ametulia, mkono mmoja kwenye mrija, akisubiri kusikia mgonjwa wake ni nani.

"Njema, Mtukufu," Tawakali alisema.

"Na ila?"

"Sina."

Mtukufu Mlezi alimwangalia, macho yakamlowa. Akawageukia mawaziri wake, akasema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo wa siku nyingi.

"Mnaona? Na mimi miaka yote hii nikijiuliza moyoni kama hawasemi kwa sababu nimewakataza. Kumbe hawana."